Mbuzi Hawangoji Shata

Vitabu vya upigaji picha husifu saa mbili: ya jua kuchomoza na ya jua kuzama. Rhamu, mjini mpakani kaunti ya Mandera, saa hizo zina wenyewe. Ya asubuhi ni ya dereva, asiyetaka kuachwa na magari yanayosindikizwa na askari. Ya jioni ni ya Magharibi: watu wako msikitini, na huku karibu na ikweta giza halibishi hodi. Isitoshe, jua la Mandera huzama mapema kuliko lile la Nairobi nililolizoea.

Ukitoa kamera jioni-jioni, ataibuka mtu akuulize unapiga nini. Siwalaumu. Ng'ambo ya mto Daua ni Ethiopia, na mwaka 1977, wakati wa vita vya Ogaden, wanajeshi wa Somalia waliuvamia mji huu wakielekea huko. Lenzi ndefu mpakani ina maswali ya kujibu.

Basi unabakiwa na jua la utosi.

Ijumaa moja baada ya sala, dereva akihangaika na pancha, mzee mmoja mwenye kanzu nyeupe iliyonyooshwa akataka nimpige picha na mbuzi wake. Kamera ilipoiona kanzu ile juani, ikapunguza mwanga yenyewe. Ikatoka kanzu safi, kofia safi, na katikati yake giza.

Mzee akaitazama kwa makini. "Kanzu yangu naijua. Mimi niko wapi?"

Nikaongeza mwanga. Uso ukaja, na ndevu zake za hina, ila ukuta, uwanja na mbuzi wote wakamezwa na weupe.

"Na mbuzi umewauza lini?"

"Adeer, twende kivulini," nikamsihi, nikimwita ami kwa Kisomali.

Baraza la duka linalotazama mchanga mkali ndiyo studio bora kaskazini nzima. Mchanga hurudisha mwanga usoni, kwa upole, bila malipo. Wanaobeba miavuli ya studio kutoka Nairobi wanajitesa bure. Mzee akaketi, akapendeza hasa. Vijana wakawaswaga mbuzi hadi nyuma yake.

Ili yeye na mbuzi wote waonekane vizuri, ilibidi nibane tundu la lenzi. Tundu likibanwa, shata hukawia kufunga. Na shata ikikawia, mbuzi hawangoji. Nikapata mzee mmoja na ukungu wenye pembe. Ikabaki kupandisha ISO, shata ipate kuharakisha, hadi chengachenga zikajaa pichani, jambo ambalo kwingine lingeniaibisha, lakini kwa vumbi la Rhamu nani atatofautisha?

Honi ya dereva ikaanza kulia. Nikabonyeza mfululizo huku nikirudi kinyumenyume kuelekea garini.

Jioni nikamtumia mzee picha ile iliyonyooka kwa WhatsApp: uso upo, kanzu ipo, mbuzi wametulia. Jibu likaja kwa ujumbe wa sauti. Alishukuru, akaniombea dua ndefu ya safari njema, kisha akanifahamisha kwamba mbuzi wa tatu kutoka kushoto ni wa jirani, na akaniuliza kama kamera yangu inaweza kumtoa.