Upepo wa Nyuma Hauna Huruma

Kuna watu wawili wasiofaa kuachiwa kupanga safari ya baiskeli: mwenye elimu nyingi ya jiografia, na mwenye baiskeli ya bei ya shamba. Sisi tulikuwa nao wote wawili. Wa kwanza ni Mwalimu, mwenyeji wetu Lodwar, ambaye hata akiagiza chai hukueleza kwanza majani yake yamelimwa kwenye mwinuko gani. Wa pili ni Injinia, aliyeshuka kwenye basi la kutoka Nairobi na baiskeli ya kaboni iliyoviringwa blanketi mbili, ilhali yeye mwenyewe alikuwa ametetemeka kwa baridi tangu Kitale. Alikuwepo pia Sista, muuguzi, aliyekuja na baiskeli ya kawaida, chumvi za kuongeza maji mwilini, na uso wa mtu aliyekwisha kuuona mwisho wa jambo. Mimi nilipewa kazi ya kubeba maji.

Nadharia ilikuwa ya Mwalimu. Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kilomita 120 hivi, kuelekea kaskazini-magharibi. Upepo wa Turkana nao hutoka kusini-mashariki: hubanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya, ukapata kasi katika uwazi uliopo katikati, kisha ukamwagika juu ya ziwa na nyika. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Loiyangalani, wameusimamishia mitambo 365 ya kuzalisha umeme, mmoja kwa kila siku ya mwaka. (Sista aliuliza mwaka mrefu unafanyaje ikifika Februari 29. Hakujibiwa.) Upepo unaowasha taa, alisema Mwalimu, hauwezi kushindwa kuwasukuma watu wanne. Tulipiga makofi.

Tukapatana kuondoka saa kumi na moja alfajiri, kabla jua halijajua tupo. Lakini Mwalimu hawezi kumwacha mgeni aondoke Lodwar bila kumpitisha kwenye nyumba alimowekwa Jomo Kenyatta kuanzia 1959, alipomaliza kifungo chake Lokitaung, hadi alipohamishiwa Maralal mwaka wa 1961. Tulisimama nje, helmeti vichwani, tukahutubiwa. Wakoloni, alisema, walipapenda Lodwar kwa sababu mfungwa wa hapa hahitaji kufungiwa mlango. Umbali na jua ndio askari. Sista akatazama saa, akatazama mashariki, akasema, "Mwalimu, askari mmoja amekwisha kuripoti kazini."

Sasa, nadharia ya upepo ilikuwa kweli tupu, na shida yetu ilianzia hapo. Mwendesha baiskeli hupozwa na hewa anayoipasua. Upepo ukikusukuma kwa kasi ileile unayokwenda nayo, huna hewa ya kupasua. Unakuwa umefungiwa katika chumba kisicho na dirisha, na chumba chenyewe kinasafiri. Tena katika nchi ambayo nyuzi 35 za selsiasi ni mchana wa kawaida. Vumbi lililotoka nyuma lilitukuta, likaamua tufuatane. Nzi, ambao kwa desturi huachwa ukikaza mwendo, walikwenda nasi bila kujisumbua kupiga bawa, wakihama kutoka pua hii hadi pua ile walivyopenda. Helmeti ya Injinia ilikuwa na matundu maalumu ya kupitisha hewa, tukamuuliza hewa yenyewe iko wapi. Akasema tuongeze kasi. Tukaongeza. Upepo nao ukaongeza.

"Mimi niliahidi kusukumwa," Mwalimu alijitetea. "Sikuahidi kupepewa."

Kisha tukapishana na lori, na kwa kuliheshimu tukashuka kidogo kando ya barabara. Kando ya barabara kuna mathenge na kuna mbigili. Mathenge ni ule mti ulioletwa kuzuia jangwa, ukaendelea kuzuia na mambo mengine. Wafugaji wa Baringo waliwahi kuishtaki serikali kwa ajili yake, wakafikisha mahakamani mbuzi aliyeng'oka meno awe ushahidi. Mbigili haijashtakiwa na mtu, na kwa maoni yangu ndiyo iliyostahili. Ni kimbegu chenye pembe, na kianguke vyovyote vile, pembe moja lazima itazame juu ikingoja mtu.

Injinia hakushtuka. Tairi zake hazina tyubu. Ndani mna maji mazito meupe ambayo huziba tundu yenyewe. Alikuwa bado anatueleza hivyo wakati maji hayo yalipoanza kuruka kutoka kwenye matundu mengi kwa pamoja, yakamchora miguu michirizi. Mvulana aliyekuwa akichunga mbuzi akasogea. Akatazama kwa makini ya mtu anayeyajua mambo ya maziwa, kisha akauliza kama hiyo hukamuliwa asubuhi na jioni, au jioni tu.

Sisi wenye tyubu tulikuwa na pancha za kienyeji, ambazo tiba yake inajulikana: unatia tyubu ndani ya beseni la maji, unatazama povu linatokea wapi. Lakini Sista alikuwa ameketi juu ya maji, na hakuwa na nia ya kuinuka. Tukajaribu kusikiliza tundu likipumua. Upepo ulikuwa ukinguruma masikioni, kila mahali palipumua. Yakabaki mate. Ikabidi tufanye harambee ya mate. Mwalimu, akiwa ndiye mgeni rasmi, alifungua shughuli, koo likamkwama, akatoa ahadi. Injinia alisema ameacha yake Nairobi. Sista alichanga taslimu, lakini kidogo. Mchango mnono ulitoka kwa yule mchungaji, ambaye alikuwa amekunywa maziwa, na kwa mate yake tundu likajulikana. Gundi nayo ilikauka kabla kiraka hakijabanduka kwenye karatasi yake, tukaanza upya.

Mbele kidogo, chini ya mgunga, palikuwa na mzee ameketi juu ya ekicholong yake, kile kigoda cha mbao ambacho usiku hugeuzwa mto wa kulalia. Tulimsalimia, "Ejoka!" Akaitikia, "Ejoka nooi," kisha akaanza mahojiano.

"Nyinyi ni shirika gani?"

"Hatuna shirika, Mzee."

"Mnapima barabara?"

"Hapana, Mzee."

"Mnaandikisha watu?"

"Hapana."

"Basi gari lenu limeharibikia wapi?"

"Hatukuja na gari. Tumetoka Lodwar na baiskeli."

"Na nani amewalipa?"

"Tumejilipia wenyewe, Mzee."

Hapo alinyamaza. Maswali yake yalikuwa na msingi. Tangu kambi ya wakimbizi ya Kakuma ifunguliwe mwaka wa 1992, barabara hii imepitiwa na magari meupe ya kila shirika ulijualo, na mgeni asiye na fomu mkononi ni kiumbe kigeni. Mzee alituzungushia macho mmoja mmoja: Injinia na michirizi yake, Mwalimu anayehema, mimi. Macho yakatua kwa Sista na mfuko wake wa dawa. Uso ukamkunjuka.

"Ahaa! Kumbe ni wagonjwa wako."

Sista hakukanusha. Alisema anatupeleka taratibu. Tukaletewa maji.

Injinia, kwa shukrani, alimpa mzee tairi lake la nyuma lililokwisha kuchanika, akidhani labda litatoa akala. Mzee akalibonyeza kwa kidole gumba, akalikunja, akalilinganisha na akala alizovaa, za tairi la lori, zenye unene wa kiganja. Akalirudisha kwa adabu. "Hili," alisema, "halikufikishi hata Lodwar." Nasi tulikuwa tumelitegemea litufikishe Kakuma.

Aliyetuokoa ni kijana aliyetokea mbele yetu, akipambana na upepo usoni, juu ya baiskeli ya Black Mamba yenye mitungi miwili ya lita 20 na mdogo wake juu ya mitungi. Hakuwa na gia wala helmeti. Hakuwa na pancha pia. Alipoona hali yetu aliegemeza baiskeli yake kwenye fimbo, akatuonyesha siri: ndani ya kila tairi lake ametandika tairi jingine kuukuu, lililokatwa kingo, ili mwiba uchoke kabla haujafika kwenye tyubu. Akakata vipande, akatandika, akatia tyubu ya akiba ya Mwalimu ndani ya gurudumu la kaboni. Injinia, aliyelipa fedha nyingi kupunguza gramu chache, akaondoka amebeba mpira wa tairi kuukuu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alitusubirisha kwa kwenda mbele badala ya kubaki nyuma.

Tuliingia Kakuma giza limekwisha kutanda. Tulikula injera kwa Muethiopia bila kunawa vizuri, na Mwalimu alikunywa soda tatu akiwa kimya, jambo ambalo Sista aliliandika mahali. Asubuhi tulipeleka baiskeli kwa fundi Mkongo. Alichomoa miiba kwa koleo, akaipanga mezani, akaishiwa na meza.

"Papa, hii kinga ilikuwa inalala ndani ya miiba?" aliuliza, kinga kwao ikiwa ni baiskeli. Injinia akajibu kuwa ni ya kaboni.

Mwalimu alikuwa ameanza kueleza kwamba alasiri upepo hulegea, hivyo kurudi Lodwar kwa baiskeli si jambo lisilowezekana kisayansi. Alipogeuka kututazama, Sista alikuwa amekwisha kukata tiketi nne.

Basi, msomaji, ukitaka safari hii, anzia Lodwar, usianzie Kakuma, na hao nzi uwavumilie. Beba maji maradufu ya unayodhani yatatosha, tyubu za kawaida, na vipande vya tairi kuukuu vya kutandika ndani. Hayo maji meupe waachie wenye lami ya mjini. Na weka akiba ya nauli: baiskeli hulipiwa nafasi yake, na kondakta hupandisha bei akishaona jinsi unavyoketi.