Mgeni wa Dar Apanda Uluguru

Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria Juni 2024, watu wa Dar wameigundua Morogoro. Wenyeji wanashukuru, walikuwa hawajui kwamba wamepotea.

Mgeni wetu hushuka stesheni Jumamosi asubuhi, viatu vya kupandia mlima vipya, lebo bado inaning'inia. Anakwenda Morning Side, ile nyumba ya enzi za Wajerumani huko juu Uluguru. Anaanza kwa madaha, simu mbele, akiwahutubia wafuasi wake. Mwinuko wa kwanza tu, pumzi inaomba talaka. Hapo anapishana na bibi wa Kiluguru anayeshuka na mkungu wa ndizi kichwani, kandambili miguuni, hatweti hata kidogo. "Pole mwanangu, umeshafika," anamwambia. Huo ni uongo wa huruma. Safari ndiyo kwanza inaanza.

Jioni yuko Soko la Chifu Kingalu, anabishania shilingi mia tano kwenye mkungu uleule. Kisha anauliza ufukwe uko wapi. Mji kasoro bahari, anajibiwa, naye analipokea jibu hilo kama upungufu wa huduma kwa wateja.

Wanafunzi wa chuo kikuu cha SUA wanamtazama tu. Wamelala chini ya mlima huo tangu mwaka wa kwanza na wengi hawajawahi kuukanyaga. Wanasubiri bumu, ile pesa ya mkopo wa kujikimu. Likiingia, wanakwenda kulitumia Kariakoo, Dar.