Supu ya Jumamosi

Mizani ya kupimia uzito iliingia nyumbani kwetu Tabata kabla ya raba za kukimbilia. Muuguzi alimwambia baba watoto kwamba sukari yake imeanza kupanda, ingawa haijafikia kuanzishiwa dawa. Apunguze uzito na aushughulishe mwili. Wiki hiyohiyo akajiunga na klabu ya jogging ya mtaani. Mkazi wa Dar es Salaam anazijua klabu hizi: Jumamosi alfajiri barabara imejaa fulana za rangi moja, filimbi mbele, nyimbo nyuma, na mwisho wa mbio kuna sufuria la supu.

Kwenye supu ndipo mambo yalipoharibika. Mtu amekimbia, jasho linamtiririka, wenzake wanamsifu. Nani atamwambia chapati zimetosha? Akirudi nyumbani anamkuta mama mkwe ameshamwandalia mihogo ya nazi, maana mwanawe ametoka kuteseka. Mchana anaongeza wali, jioni anaagiza soda. Nikimuuliza, jibu ni lilelile: "Mama watoto, si nimekimbia?" Kwa jibu hilo dumu la mafuta likaisha kabla ya mwezi.

Uzito ukapanda, na lawama zikaiangukia mizani. Kwanza ikasemwa sakafu imeinama, ikahamishiwa barazani. Kisha kitinda mimba akatuhumiwa kuichezea, akalia mpaka akalala bila kula. Mwishowe baba watoto akaibeba hadi dukani kwa Mangi, akaweka juu yake mfuko wa unga wa kilo 25. Mizani ikasoma 25. Alirudi bila kusema neno.

Ukimya ule ndio ulionitia hofu. Usiku hali, asubuhi hagusi hata chai, kisha anatoka kukimbia. Jumamosi moja bodaboda ikasimama mlangoni, yeye katikati, dereva mbele, mwanaklabu nyuma amemshika kiuno. Kizunguzungu kilikuwa kimemwangusha njiani. Yowe la mama mkwe liliwatoa majirani wote: huyu anataka apewe uji, yule anataka glukosi, shemeji anatafuta gari la hospitali. Daktari akampima, akamwuliza amekula nini tangu jana, akatikisa kichwa.

Usiku ule binti yetu aliye chuoni alitueleza habari za Wahadzabe, wawindaji wa Ziwa Eyasi. Mwaka 2012, Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya nishati wanayotumia watu hao, ambao wanaume wao hutembea takriban kilomita 11 kwa siku porini. Ukishazingatia ukubwa wa mwili, nishati ya siku nzima haikuizidi ile ya Wamarekani na watu wa Ulaya. Huenda mwili unaotembea sana hubana matumizi kwingine. Na chapati moja kubwa yaweza kuwa na kalori 300. Nusu saa ya kutembea kwa haraka huchoma kama nusu yake.

"Basi nakimbia ya nini?" baba watoto akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia kweli.

Swali lake lilistahili jibu. Msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata kama kiuno hakijapungua, moyo hupata nguvu, usingizi huja vizuri. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Nami nashikilia hivi: mbio zikishageuzwa kuwa malipo ya chakula, mtu hali kwa njaa tena wala hakimbii kwa furaha. Anadai, au anajiadhibu.

Aliyekata shauri ni mama mkwe. Ndizi moja kabla ya kutoka. Bakuli moja la supu, chapati moja, na mihogo ya nazi isubiri sikukuu. Mafuta yapimwe kwa kijiko. Jioni yeye na mwanawe waende gengeni kwa miguu kununua mchicha. Matembezi hayo na mama yake ndiyo yaliyomshika kuliko filimbi yoyote, kwa kuwa kuna mtu anamsubiri kibarazani ameshavaa kandambili.

Katika kipimo kilichofuata, sukari ilikuwa imeshuka. Uzito ulikuwa umesogea kidogo tu. Kama nyumbani kwako kuna aliyeanza mazoezi, usimpongeze kwa sahani wala usimnyime chakula. Vaa viatu, utoke naye.