Sifa za Plagi Yenye Stara

Wapenzi wa redio ya ridhaa, pamoja na nyinyi majirani mnaolala chini ya antena zetu bila kuulizwa, leo nasimama kuisifu plagi ya PL-259, kale kapipa ka chuma kanakokaa mwisho wa waya wa antena na kuingia mgongoni mwa redio. Kebo yenyewe imepata wa kuitaja: Oliver Heaviside, Mwingereza, aliichukulia hataza mwaka 1880, na jina lake limo vitabuni. Antena ina washabiki, mnara una washabiki. Plagi imeachiwa mafundi, na mafundi huitaja kwa maneno ambayo mhariri hatayachapa.

Fadhila zake ndogo nazipitia mbiombio. Ina umri: ilibuniwa Marekani miaka ya 1930, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kuistaafisha. Ina cheo: iliitwa plagi ya UHF enzi ambazo lolote lililovuka megahezi 30 lilihesabiwa kuwa masafa ya juu mno. Leo UHF huanzia megahezi 300, yaani palepale plagi hii inapoishiwa pumzi, lakini cheo haijakirudisha. Hufunza adabu ya mpangilio, maana pete yake ya kukazia isipotangulia kuvishwa kwenye waya, kazi nzima hufumuliwa. Na ni karimu kwa wageni. Masika yakiingia, huyapokea maji ya mvua kupitia kwenye hesi zake na kuyakabidhi kwa wavu wa shaba ulio ndani ya waya, nao huyasafirisha kuelekea sebuleni bila nauli.

Sasa nije kwenye fadhila kuu, ambayo kwayo plagi hii inastahili kuombewa dua. Plagi hii ina stara.

Asiyewahi kuilehemu avumilie maelezo kidogo. Kiini cha waya huingia kwenye ncha ya plagi, unatia risasi, umemaliza. Mtihani uko kwenye wavu wa shaba unaokizunguka. Huo unatakiwa ushikane na mwili wa plagi, na njia ya kuufikia ni matundu manne madogo ubavuni. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi joto 185 hivi. Plastiki nyeupe iliyo kati ya kiini na wavu hulegea kwenye nyuzi 110 hivi. Plagi inadai moto ambao waya hauuwezi, na mwili wake mnene huunywa moto huo kwanza, kabla wavu haujaonja. Ukiwahi kuondoa pasi, risasi inakaa juu ya tundu kama shanga bila kushika kitu. Ukichelewa, plastiki inayeyuka, kiini kinahama, na mwisho wake kinakutana na wavu ambao hakikupaswa kukutana nao kamwe.

Hapo ndipo stara inapofanya kazi. Pete ikishuka, matundu yote manne hufunikwa. Kazi nzuri na kazi ya aibu huwa na sura moja, ya duara na ya kung'aa. Chukua mita upime: inaonyesha mkondo unapita, kwa sababu wavu unaugusa mwili wa plagi kwa kuegemea tu, na mita haina tabia ya kuuliza kama walioegemeana wamefunga ndoa. Mezani kila kitu kinakwenda. Siri hutunzwa mpaka waya upande mnarani, upepo wa kusi uanze kuutikisa, chumvi ya bahari ipite katikati, nawe utie wati 100 na kuita ulimwengu kwenye megahezi 14. Ulimwengu haujibu. Hata hapo plagi haimtaji fundi. Utalaumu antena, utalaumu jua na madoa yake, utalaumu redio. Mimi nimewahi kumlaumu jirani na friji lake.

Linganisha na plagi ya N, ile iliyopewa herufi ya Paul Neill wa Bell Labs. Ina mpira wa kuzuia maji, inalingana sawasawa na ohm 50 za waya, na hufika masafa ambayo PL-259 huyasikia kwa jina tu. Lakini haina huruma hata chembe! Ukikosea kipimo kwa milimita moja inakataa kufunga, mchana kweupe, mbele ya wageni. Nani atapenda kitu kinachosema ukweli mapema hivyo?

Sisi waredio wenyewe tumejifunza stara kwa plagi hii. Kwenye mashindano ya hewani mtu atakupa 59, alama ya sauti safi isiyo na kasoro, halafu akuombe urudie alama yako ya wito kwa kuwa hakusikia kitu. Ukimuuliza kulikoni, atakwambia ndivyo ilivyo desturi.

Na wauzaji je? Plagi ninazouziwa mjini zimepakwa mng'ao unaoikataa risasi kabisa. Risasi inateleza juu yake na kuanguka mezani. Inabidi uchukue tupa, ukwangue ule ule urembo ulioulipia, mpaka uikute shaba, kama ipo. Muuzaji huapa kuwa ni orijino. Wahenga walisema kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza, ila hiki kibaya hukaa kabatini kwa raha zake na bado kinanunuliwa, kwani hakuna kingine.

Hapa naomba radhi, sauti yangu itapanda kidogo. Kwa nini hakuna kingine? Plagi hizo hazikuota dukani. Zilikuja na meli, zikateremshwa, zikapita mbele ya mtu mwenye kalamu na muhuri. Muhuri ukapigwa. Hakuna aliyeitia risasi hata moja kuona kama inashika, maana karatasi ilisema ni bora, na karatasi ilikuwa inang'aa pia. Mimi nikaagiza kebo nzuri na plagi chache zilizopakwa fedha, vitu halali, leseni yangu ya redio ninayo mkononi na ada nimelipa. Hizo ndizo zikazuiwa. Nikaulizwa ni za kazi gani, ninaongea na nani huko hewani, na kwa nini nisitumie simu kama watu wengine. Dirisha la kwanza likanituma la pili, la pili likasema mtandao hauko, la tatu likaniambia faili langu linashughulikiwa. Kila dirisha, ukilipima kutoka nje, linaonyesha mkondo unapita.

Nimesifu stara, na sifuti neno. Inafaa kwa jirani aliyelala njaa, inafaa kwa maiti. Kwenye kiungo kinachobeba mkondo, kiwe cha shaba au cha serikali, stara ni hitilafu ambayo bado haijapandishwa mnarani. Tundu liachwe wazi, mtu achungulie, aone kama risasi imeshika.

Mheshimiwa afisa, nimeambiwa kebo yangu sasa inadaiwa gharama za ghala. Nitalipa. Naomba tu, mkishapokea, mjaribu kunilehemea stakabadhi kwenye plagi mlizozipitisha.