Namna ya Kuipata Okestra Nzima Bila Kununua Hata Fidla Moja

Umefika Louisville, Kentucky, kutoka Uvira, Bujumbura au kambi ya Nyarugusu. Nyumba umepata, zamu ya usiku kwenye ghala umepata, na watoto wameshakuzidi Kiingereza. Kuna kitu kimoja hujakichukua bado, nacho ni chako: okestra ya simfoni. Usicheke. Wapiga fidla, chelo, tarumbeta na ngoma, watu wazima wanaolipwa mshahara kwa kazi hiyo, wanaishi mji huu huu unaoishi wewe, na Kiswahili ni moja ya lugha zinazosemwa sana majumbani kwa watoto wa shule za umma za hapa. Fuata maelekezo haya nawe utaondoka nayo.

Anza kwa kuingia ukumbini. Ukumbi unaitwa Whitney, uko katikati ya mji karibu na mto Ohio, na una viti kama 2,400. Suti si lazima. Nguo ya ibada ya Jumapili inatosha, na kitenge kitapendeza kuliko koti jeusi la jirani yako. Fika mapema, kaa, tazama. Wanamuziki wataingia mmoja mmoja, kila mtu akipiga lake, kelele tupu. Kisha obo, filimbi nyembamba nyeusi iliyo katikati ya jukwaa, itatoa sauti moja, ndefu, isiyotikisika. Wengine watanyamaza, waisikilize, halafu wazivute nyuzi zao mpaka zilingane nayo. Huo si wimbo, wanapatana tu. Lakini usiikose dakika hiyo, maana ni hapo utakapoona makumi ya watu wakikubali kumfuata mmoja bila mtu kupandisha sauti.

Habari ya makofi isikusumbue. Simfoni nyingi zina sehemu nne, na siku hizi watu hungoja mpaka ya mwisho iishe, kiongozi wa okestra ashushe mikono. Ukipiga makofi katikati kwa sababu moyo umeshindwa kungoja, uko na wakubwa. Mwaka 1778 Mozart alimwandikia baba yake kutoka Paris kwa furaha, kwamba wasikilizaji walishangilia simfoni yake ikiwa bado inapigwa. Vienna mwaka 1813, sehemu ya pili ya Simfoni ya 7 ya Beethoven ilishangiliwa hadi ikarudiwa. Ukimya wa sasa ulikuja baadaye. Lililo mwiko ni moja tu: usipande jukwaani kumtunza mpiga fidla noti mkononi kama kwenye taarab. Pesa ina njia yake, tutaifikia.

Ukishaizoea sauti, jifunze ukoo wake. Huwezi kudai mali usiyojua ilikotoka, na ukoo huu una kisa ambacho kila mkazi wa mji angepaswa kuweza kukisimulia. Okestra ilianzishwa mwaka 1937, mwaka ule ule ambao mto Ohio ulifurika Januari na kuzamisha sehemu kubwa ya mji. Kiongozi wake wa kwanza alikuwa Robert Whitney, ambaye ukumbi umepewa jina lake. Kufikia 1948 ilikuwa taabani kwa fedha. Meya wa wakati huo, Charles Farnsley, akaja na wazo ambalo mhasibu yeyote angelikataa: acheni kuwalipa mastaa wa kutoka mbali waje kupiga usiku mmoja na kuondoka, pesa hiyo wapeni watunzi walio hai waandike muziki mpya, kisha muurekodi.

Wakamsikiliza. Mwaka 1950 mcheza dansi Martha Graham aliucheza muziki mpya wa mtunzi William Schuman mbele ya okestra ya Louisville, na mwaka huo huo wakaupeleka Carnegie Hall, New York. Mwaka 1953 taasisi ya Rockefeller ikatoa dola 400,000, na kwa miaka kadhaa mji huu wa wastani ukawa unaagiza makumi ya kazi mpya kila mwaka, kutoka Argentina kwa Ginastera, kutoka Italia kwa Dallapiccola, kutoka Marekani kwenyewe kwa Elliott Carter. Wakaanzisha lebo yao ya santuri, First Edition. Mwaka 1959, Vita Baridi ikiwa imepamba moto, Shostakovich na watunzi wenzake wa Kisovieti walipotembezwa Marekani, Louisville ilikuwa kwenye safari yao. Mji ambao dunia iliujua kwa mbio za farasi ulijulikana Moscow kwa muziki. Mimi naona Farnsley alielewa jambo ambalo miji mingi mikubwa hailielewi hadi leo: okestra inayopiga kazi za marehemu peke yao inaweza kuhamishwa usiku na asubuhi mji usijue imeondoka.

Sehemu chungu nayo uijue. Desemba 2010 okestra iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake, na msimu wa 2011 hadi 2012 ulipita karibu wote bila tamasha, uongozi na wanamuziki wakivutana juu ya mkataba. Mtu akikuambia okestra ni kitu cha matajiri na matajiri wataitunza, mkumbushe msimu huo. Matajiri walikuwepo.

Mwaka 2014 akaja kiongozi mpya, Teddy Abrams, kijana wa miaka 27, naye akalirudia wazo la meya kwa namna ya kizazi chake. Mwaka 2017 alitunga kazi kubwa kumhusu Muhammad Ali, mtoto wa mji huu. Na kuanzia 2022 okestra inawaajiri watunzi waje kuishi mtaa wa Shelby Park: nyumba, bima ya afya na, kwa wale watatu wa kwanza, mshahara wa dola 40,000 kwa mwaka. Kazi yao ni kuandika muziki na kuwa majirani.

Majirani, nimesema. Kwa hiyo hatua inayofuata ni kupiga hodi. Sisemi kwa mfano. Mtunzi amelipwa ili akujue, na wewe unamnyima kazi ukijificha. Mwalike kwenye ibada ambayo kwaya inaimba kwa Kiswahili kwa saa tatu. Mketishe karibu na ngoma. Mama anayeanzisha nyimbo amweleze ni kwa nini sauti ya tatu huingia ikiwa imechelewa kidogo. Mpe wali na sombe, umwache aulize. Kuna kwaya zilizoundwa kambini Kigoma, zikavuka bahari na vitabu vyao vya nyimbo, na leo zinafanya mazoezi Louisville jioni za katikati ya wiki bila mtu wa nje kuzisikia. Nataka siku moja sauti hizo ziwe jukwaani Whitney, okestra nzima ikiwa nyuma yake. Mlango upo, na mtu wa kumgongea ana anwani.

Ukiwa unaishi Bowling Green au Owensboro, usijitoe. Mwaka 2022 Bunge la jimbo la Kentucky lilitenga dola milioni 4.3 ili okestra izunguke jimbo zima, na Mei 2023 safari zikaanza, zikifika hadi miji ya milima ya mashariki iliyozoea makaa ya mawe. Mwezi mmoja kabla yake walishuka na Yo-Yo Ma na chelo yake ndani ya pango la Mammoth, refu kuliko mapango yote yanayojulikana duniani, na wasikilizaji wakaingia kwa miguu hadi kwenye ukumbi wa mwamba. Okestra iliyoweza kufika huko itafika mtaani kwako, ikiombwa.

Na hapo ndipo pesa inapoingia. Tangu 1949 mji una mfuko mmoja unaochangisha kwa ajili ya sanaa zote, na mchango mdogo haukataliwi. Ila noti yako yenye nguvu zaidi ni jina lako. Bajeti ya Kentucky hupitishwa kila baada ya miaka miwili, katika kikao kinachoanza Januari ya miaka kama 2026 na 2028. Huhitaji kuwa na uraia ili kumpigia simu mwakilishi wa eneo lako, wewe ni mkazi wake. Mwambie jina lako, mtaa wako, shule ya watoto wako, na kwamba unataka okestra iendelee kulipiwa safari. Piga simu Novemba inayotangulia kikao hicho, kabla rasimu haijafungwa.