Ngeli Tano za Saa Mbovu: Sarufi Fupi ya Redstone, Mtaa wa Golf

Walimu wa Kiswahili wa pwani wana lawama moja ya zamani juu yetu watu wa Lubumbashi: ngeli tumezipunguza. Kiti iko, kisu iko, maji iko, na maisha yanaendelea. Lawama hiyo ni ya kweli, siikatai. Ila hakuna aliyewahi kuuliza zile ngeli tulizoziacha zilikwenda wapi. Utafiti wangu, uliofanyika sebuleni hapa Golf kwa likizo mbili ndefu, umezipata. Zimehamia ndani ya mchezo wa Minecraft, na kazi yao huko ni kuainisha saa zilizoharibika.

Tuanze na istilahi. Saa, katika utafiti huu, ni mtambo wowote ambao mtoto anaujenga kwa vumbi jekundu la redstone ili kitu kitokee baada ya muda: mlango ufunguke, mtego ufyatuke, daraja lijikunje. Dunia ya mchezo ina moyo unaodunda mara 20 kwa sekunde. Ripita, kijiwe bapa cha kuchelewesha mkondo, hukaa nao kati ya sehemu 0.1 na 0.4 ya sekunde. Mtafitiwa ni mtoto wa dada yangu, mwenye umri wa miaka kumi na miwili. Malalamiko yake, kwa saa yoyote, hayabadiliki: "Yaya, iko bure." Kazi ya sayansi ni kuigawa hiyo "bure".

Ngeli ya kwanza ni HAIANZI. Mkondo wa vumbi hupungua nguvu hatua kwa hatua na kufa baada ya vitalu 15. Dawa yake ni kuweka ripita njiani, lakini kila ripita inatoza muda wake. Wasomaji wa Katanga watapenda mfano wa nyumbani. Laini ya umeme kutoka Inga hadi Kolwezi, iliyokamilika mwaka 1982, ina urefu wa kilomita 1,700 hivi. Kitalu kimoja cha mchezo ni mita moja. Tungeijenga laini hiyo kwa vumbi, na ripita moja kila baada ya vitalu 15, yenyewe ikishika cha 16, zingehitajika ripita 106,250 za 0.1 ya sekunde kila moja, na mkondo ungesafiri karibu saa tatu kabla ya kufika. Kuna majirani walioisoma hesabu hii wakasema haiwashangazi.

Ngeli ya pili ni HAIKOMI. Hii ni saa ya duara: ripita zimepangwa mduara, pigo moja linazunguka kama mtoto anayekimbia kuzunguka nyumba. Mtafitiwa alipanga ripita mbili, kila moja kwenye 0.4, akaanzisha kwa kitufe cha jiwe. Taa aliyoiunganisha ikawaka na haikuzimika tena. Alibomoa vumbi lote, akalipanga upya vilevile, akapata matokeo yaleyale, akalaani vumbi. Tulihesabu pamoja kwa vidole juu ya meza. Duara linakamilika kwa 0.8 ya sekunde, kitufe cha jiwe kinashikilia mkondo sekunde nzima. Kichwa cha pigo kilirudi mlangoni kabla mkia haujatoka. Hapo duara limejimeza, na hakuna tena nafasi ya giza. Tulipoongeza ripita mbili, duara likawa 1.6, na taa ikaanza kupumua.

Ngeli ya tatu, INAUNGUA, ni ya wenye haraka. Anayetumia mwenge wa redstone kutengeneza saa ya kasi atauona ukizimika ghafla, kwa sababu mwenge uliolazimishwa kuzimika mara nane ndani ya mapigo 60, yaani sekunde tatu, hugoma. Huu ndio mtambo pekee mchezoni wenye chama cha wafanyakazi.

Ngeli ya nne ni INAPUNJWA. Saa ya faneli haihesabu wakati. Inachohesabu ni mali: faneli mbili zinatazamana, moja inamimina vitu ndani ya nyingine, kitu kimoja kila 0.4 ya sekunde. Faneli iliyojaa vitu 320 vinavyorundikana 64 kwa 64 hujimwaga kwa sekunde 128. Ni saa imara kuliko zote, kwa sharti moja: asiwepo mwenye mkono mrefu. Mlango wa mtafitiwa uliopaswa kukaa wazi sekunde 40 ulikuwa unafunga baada ya 30. Tulichunguza vumbi, ripita na pistoni, vyote vizima. Kisha ikabainika kwamba binamu yake alikuwa amechota mawe 25 kutoka kwenye faneli ili amalizie ukuta wake. Yeyote aliyenunua meka ya unga sokoni anaijua ngeli hii. Kipimo hakikosei, kilichopungua ni kilichomo.

Ngeli ya tano, INASAHAU, ni ya mwisho kwa namba. Kwa uzito, Golf inaiweka mbele ya zote. Dunia ya mchezo imekatwa vipande vya vitalu 16 kwa 16, na kipande kilicho mbali na mchezaji hulala. Saa iliyojengwa juu ya mpaka inaweza kulala nusu na kukesha nusu, pigo likapotea katikati. Hilo hutibika: ukibonyeza F3 pamoja na G, mipaka huonekana, nawe unaihamishia saa yote ndani ya kipande kimoja.

Lakini kuna usingizi mwingine. Saa kumi na mbili jioni umeme unakatika, kompyuta inazimika pamoja na mtaa, jenereta za majirani zinaanza kuitana nyuma ya kuta. Umeme ukirudi, dunia nayo inarudi jinsi ilivyohifadhiwa mara ya mwisho, na hakuna aliyeahidi kwamba vipande vyote vilihifadhiwa kwa pamoja. Mtafitiwa alidhani amepata kinga: taa ya shaba, iliyoingia mchezoni Juni 2024. Pigo la kwanza huiwasha, la pili huizima, na katikati hukumbuka bila mkondo. Hata hushika kijani ikizeeka, kama malakiti yetu. Tatizo ni kwamba taa hiyo, iliyoongoza mlango wake, ilikumbuka "wazi" wakati pigo lililopaswa kuja kufunga lilikuwa limeshapotea. Tangu hapo mlango ulifunga kila ulipotakiwa kufungua. "Njo vile inafanyaka," akasema, kwa huzuni ya mhandisi. Kumbukumbu bila njia ya kuanza upya ni uongo uliotunzwa vizuri.

Jibu lilikuwa jikoni. Nyuma ya friji yetu kuna kisanduku cha kuilinda. Umeme ukirudi, hakiulizi ulikatika saa ngapi wala friji ilikuwa inafanya nini. Kinaanza kuhesabu kutoka sifuri, dakika kadhaa, mpaka shinikizo ndani ya kompresa litulie, ndipo kinaruhusu mkondo upite. Hakina kumbukumbu hata kidogo, na ndiyo maana hakijawahi kukosea. Mtafitiwa alikikodolea macho, akarudi kwenye kompyuta, akachomeka wenzo mmoja pembeni ya mtambo: ukivutwa, pigo lolote linaloranda linakatwa, taa inazimwa, mlango unafungwa, hesabu inaanza mwanzo.

Juzi usiku giza lilidumu saa mbili. Halafu umeme ukarudi, na mtaa mzima ukapiga kelele: "Kuran ilirudia!" Mtoto alifungua mchezo, na kabla ya kutazama kama mlango uko wazi au umefungwa, akaenda moja kwa moja kuvuta wenzo. Mama yake akaita kutoka jikoni akiuliza kama friji imeshawaka. "Bado, mama," akajibu bila kugeuka. "Iko nahesabu."