Jinsi ya Kufungua Kliniki ya Video Asiingie Mtu

Mheshimiwa mkurugenzi, hongera kwa kununua mfumo. Kazi iliyobaki ni ndogo: kuhakikisha mgonjwa hamfikii daktari.

Anza na usajili. Mfumo ugome kwenye kitochi, ili bibi wa Namtumbo aazime simu janja ya jirani. Mdai anwani ya barua pepe, kisha namba ya uthibitisho iende kwa mjukuu, kwa kuwa namba yake ndiyo iliyomo kwenye kadi ya bibi. Mjukuu yuko Dar, kabanwa kwenye daladala. Mpaka afikie mfuko wake, namba imekwisha muda.

Miadi iandike “9:00”, basi. Usiseme asubuhi. Daktari atasubiri saa tatu asubuhi. Bibi atakaa mkao wa kula saa tisa alasiri, kajitanda kanga mpya, na mfumo utakuwa umeshamwandika mtoro. Mbinu hii naipenda kuliko zote, maana haigharimu hata shilingi.

Akipenya, mtegee kwenye bando. Lazimisha video hata pale sauti ingetosha. Atakatika pale pale anapofika kwenye “lakini daktari, kilichonileta hasa ni…”

Faragha isikusumbue. Mgonjwa analala chumba kimoja na familia, na nyuma ya ukuta yupo mpangaji mwenye masikio. Mwulize kwa sauti kubwa usaha umeanza kutoka lini. Atasema anaumwa kichwa, utamwandikia panado, mtaagana vizuri.

Jihadhari na mifano mibaya. Rwanda, kuanzia 2016, huduma ya Babyl iliwaruhusu watu wajisajili kwa kitochi, wazungumze na muuguzi au daktari kwa simu ya kawaida, kisha wapokee kwa ujumbe mfupi namba ya kuchukulia dawa. Wakajisajili zaidi ya milioni 2. Fujo tupu! Ilifungwa 2023 kampuni mama, iliyoanzia London, ilipofilisika. Wagonjwa hawakuwa wamegoma.

Cheti cha dawa kitume kwa PDF, huku duka la dawa likidai karatasi yenye muhuri. Muhuri unao wewe, mwisho wa safari ile ile aliyokuwa anaikwepa.

Mwisho wa mwaka, ripoti iseme jamii haina mwamko wa teknolojia. Omba fungu la semina ya uhamasishaji, hotelini Bagamoyo. Washiriki wafike wenyewe, wasijaribu kuunganishwa kwa video: mtandao wa pale si wa kutegemea.